Fundi wa magari anataka kusikizwa na waheshimiwa: aanzie mlango upi?

"Nina gereji ndogo hapa Magongo, Mombasa, mimi na vijana watano. Kazi yetu ni kuremba magari: rangi na michoro ya matatu, taa, rimu, bampa tunazounda wenyewe, viti, muziki, na tuktuk pia. Mwaka huu ada ya leseni imepanda. Halafu tunasikia kuna kanuni za ukaguzi ambazo gari lolote lililobadilishwa litakwama. Matatu mbili za mteja wangu zimezuiwa barabarani na kazi imepungua. Wenzangu wanasema tumtafute mbunge. Kuna mtu amejitokeza, anasema tukichanga elfu hamsini atatupeleka kwa mheshimiwa mwenyewe na mambo yataisha. Tuliwahi kwenda mkutano wa kutoa maoni, tukaandika majina, tukapewa soda, na hatukusikia lolote tena. Je, wadogo kama sisi tunaweza kusikizwa kweli? Ni lazima tuwe na chama na wakili? Na tukijitokeza si ndiyo tutaandamwa?"

Fundi wangu, kwa miaka mingi nimewasaidia wafanyabiashara wadogo wa Pwani kuandika maoni na maombi ya kupeleka bungeni na kaunti, na maswali kama yako hunifikia kila msimu wa bajeti. Hofu yako naielewa hivi: ufundi wako unaamuliwa na watu ambao hawajashika spana, katika vikao usivyojua vinaketi lini, na kila mlango unaoonyeshwa una mtu amekaa kizingitini anadai kiingilio. Ndiyo, mnaweza kusikizwa. Ila si kwa kumtegemea mbunge peke yake, na si kupitia kwa huyo wa elfu hamsini hata kidogo.

Nianze na yeye, maana hilo haliwezi kusubiri. Msimpe kitu. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika anayetoa sawa na anayepokea, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Na hata tukiweka sheria kando, anachowauzia hakiuzwi. Kifungu cha 119 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki kama hiyo mbele ya Bunge la Kaunti. Kupeleka ombi hakuna malipo. Gharama halali ni nauli, kupiga chapa, nakala, na wakili mkimtaka, naye awape risiti. Najua mtaani husemwa mkono mtupu haulambwi. Basi wenu usiwe mtupu: ushike karatasi iliyoandikwa vizuri. Nitakueleza iandikwe vipi.

Kabla ya karatasi, kuna jambo ambalo wengi hukosea, nawe naona umo humo. Umeweka mafundo manne kwenye kamba moja, na kila fundo lilifungwa na mkono mwingine. Leseni ya biashara ni ya kaunti. Kanuni za ukaguzi wa magari hutoka upande wa serikali ya kitaifa, huandaliwa na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na kutiwa sahihi na waziri wa uchukuzi. Namna bodi ya gari la abiria inavyojengwa na viti vinavyofungwa iko kwenye kiwango cha KEBS, shirika la viwango vya ubora, kinachoitwa KS 372. Na matatu kuzuiwa barabarani ni utekelezaji, mara nyingi polisi wakishirikiana na NTSA. Mbunge wako hana uwezo wa kukupunguzia leseni ya kaunti hata akitaka. Mwakilishi wadi wako hawezi kugusa kanuni za ukaguzi. Mkiwaendea bila kujua hilo, watawaahidi kwa sababu ni vigumu mwanasiasa kusema "hili si langu" mbele ya watu ishirini, nanyi mtarudi nyumbani na ahadi isiyo na mwenyewe.

Tuanze na leseni, kwa sababu hapo ndipo mdogo ana nguvu zaidi kuliko anavyodhani. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa sheria. Kwa hiyo ile ada iliyopanda haikuamuliwa na askari wa kaunti aliyekuja na karatasi. Iko kwenye jedwali la Sheria ya Fedha ya kaunti, na mswada wake huletwa karibu kila mwaka. Makadirio ya bajeti hufika Bunge la Kaunti kufikia mwisho wa Aprili, bajeti hupitishwa kufikia mwisho wa Juni, na mswada wa fedha hutakiwa upitishwe ndani ya siku 90 baada ya hapo. Maana yake miezi ya Julai, Agosti na Septemba ndiyo miezi yenu. Ukienda kulalamika Januari, huwa umefika sokoni watu wamekwisha kukunja mikeka.

Na kabla hujalalamika, toa risiti yako ya leseni uisome pole pole. Tazama wamekuweka daraja gani. Nimekutana na gereji ya mabati yenye watu watatu ambayo kwa miaka miwili ilikuwa ikilipa ada ya karakana kubwa, kwa sababu tu aliyejaza fomu siku ya kwanza aliandika hivyo na hakuna aliyerudi kuangalia. Hilo halikuhitaji mheshimiwa yeyote. Lilihitaji barua moja kwa idara ya biashara ya kaunti pamoja na picha ya gereji.

Sasa kanuni za ukaguzi. Hapa kuna uvumi mwingi kuliko maandishi. Rasimu iliyopelekwa kwa wananchi mwaka 2025 ilitaka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne tangu kutengenezwa yapitie ukaguzi. Hilo linakugusa, kwa sababu mteja wako mwenye gari la nyumbani, ambaye hakuwahi kuwaza juu ya mkaguzi, ataanza kuuliza: "Fundi, hizi taa zitapita?" Lakini kusema kila gari lililobadilishwa litakwama ni jambo jingine kabisa. Usipiganie uvumi. Tafuta rasimu yenyewe, isome kifungu kwa kifungu pamoja na wenzako, na mtie alama ya kalamu nyekundu pale tu panapowaumiza.

Kanuni za namna hii zina njia zake, na njia hiyo ina milango ambayo mafundi wengi hawajawahi kuoneshwa. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka anayetunga kanuni ashauriane na watu zitakaowagusa, na kama zitaleta gharama kubwa, atayarishe taarifa ya athari zake. Zikishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, zinatakiwa ziwekwe mezani bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo zinakosa nguvu. Kisha kamati ya wabunge inayochunguza sheria ndogo za mawaziri ina siku 28 za kupendekeza zifutwe. Isiposema kitu katika siku hizo, huhesabiwa kuwa zimepita. Basi kazi ya mbunge wenu ndiyo hiyo: mumwombe, kwa maandishi, afikishe waraka wenu kwa kamati hiyo kabla siku 28 hazijaisha, na mwenyewe ahudhurie kikao. Ombi la namna hiyo analiweza, na baadaye mnaweza kumuuliza kama alilifanya.

Nataka nikupe historia kidogo, kwa sababu imewaumiza mafundi wa rangi kuliko kundi jingine lolote. Februari 2004 zilipoanza kutekelezwa kanuni za waziri John Michuki, matatu zilitakiwa kuwa na mstari wa manjano, mikanda na vidhibiti mwendo. Michoro ikafutwa, na waliokuwa wakiishi kwa brashi wakatafuta kazi nyingine. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akasema michoro iachwe, vijana wapate riziki. Gereji zikafurika. Watu wakakopa, wakanunua kompresa na bunduki za spreyi. Novemba 2018 msako ukaanza upya, na kanuni zile zile zikarudishwa. Waliokopa walibaki na deni. Ninalosoma hapo ni kwamba neno la jukwaani, hata likitoka kinywa kikubwa, halikai kama halijaandikwa kwenye kanuni. Kwa hiyo mheshimiwa akiwaambia "endeleeni na kazi, nitazungumza nao", mshukuruni, kisha mumuulize ni kifungu kipi kitakachobadilishwa na ni lini.

Wenzetu wa Marekani wamelijua hili kwa njia yao. Wana chama cha wafanyabiashara wa vifaa vya kurekebisha magari, kilichoanzishwa mwaka 1963, na kwa bahati njema kinaitwa SEMA. Sisi tunalisoma jina hilo kama amri! Wanachama wake wengi ni maduka madogo na karakana za familia, na wamejizoeza kwenda Washington kuketi na wabunge wao ana kwa ana. Mwaka 2015 walifanikiwa kupata sheria inayomruhusu mtengenezaji mdogo kuunda magari yanayofanana na ya kale, hadi 325 kwa mwaka, bila kufuata kila sharti la viwanda vikubwa. Sheria ikapita. Lakini kanuni za kuitekeleza hazikutoka, na bila kanuni hakuna aliyeweza kuuza gari hata moja. Ikabidi chama kiishtaki mamlaka yao ya usalama barabarani mwaka 2019, ndipo kanuni zikaja kukamilika. Zaidi ya miaka mitano kutoka kura hadi kazi, na hao wana mawakili na ofisi. Nakwambia haya ili ukiona ombi lenu limechukua mwaka mzima usidhani ni kwa sababu ninyi ni watu wa Magongo.

Sasa nizungumze nawe kwa ukweli ambao huenda usiupende. Msiende kutetea kila kitu. Kuna mabadiliko yanayopendeza na hayamdhuru mtu: mchoro, rangi, taraza za ndani, bampa iliyoundwa vizuri isiyo na ncha. Na kuna yanayoua. Kiti cha abiria kilichofungwa kwa bolti nne kwenye bati jembamba, bila kipande cha chuma upande wa chini kugawanya nguvu, kitang'oka siku ya ajali na aliyekikalia. Waya wa amplifaya uliotolewa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, ukapitishwa chini ya zulia, utachubuka siku moja na kuwasha moto. Balbu ya LED iliyochomekwa ndani ya taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida humpofusha anayekuja mbele. Mikunjo ya kioo cha ndani ya taa, kile kinachorudisha mwanga, imepimwa kufuata mahali uzi wa balbu ya kawaida unapokaa. Ukibadilisha chanzo cha mwanga, miale inatawanyika hadi juu, machoni mwa mwenye tuktuk pale kwenye daraja la Nyali usiku. Haya unayajua kuliko mimi. Mheshimiwa hayajui, lakini amehudhuria mazishi ya waliokufa kwenye ajali, na mkimwambia mabadiliko yote ni salama ataacha kuwaamini hata pale mnaposema kweli.

Mkienda mkiwa mmetenga wenyewe, hiki tunakubali kipigwe marufuku, hiki kiwekewe kipimo, hiki kiachwe, mmempa kitu ambacho ofisi yake haina. Niliwahi kuandamana na mafundi wa kuchomelea mbele ya kamati moja ya kaunti. Tulikuwa na hotuba, tulikuwa na takwimu za ajira, na wajumbe walikuwa wanaangalia simu. Mzee mmoja katika sisi akafungua mfuko wa sukari akatoa vipande viwili vya chuma, akaviweka mezani. Kimoja kilikuwa kimechomelewa juu juu, kingine kimechomelewa hadi ndani. Akamwambia mwenyekiti: "Mheshimiwa, kivunje hiki." Kikavunjika mkononi. "Sasa hiki." Hakikutikisika. Simu zikawekwa chini. Nusu saa iliyofuata waliuliza maswali ya kweli: nani anaweza kukagua hiki, kwa kifaa gani, kwa shilingi ngapi. Kifungu walichokuwa wanakitaka wale mafundi, kwamba fundi apimwe kwa kazi yake na si kwa ukubwa wa banda lake, kiliingia kwenye ripoti. Hawakupata yote waliyoomba. Walipata hilo.

Karatasi yenyewe iwe ukurasa mmoja, ikizidi ziwe kurasa mbili. Mwambie msomaji ninyi ni nani na mnaajiri wangapi, hesabu halisi ya gereji zenu, si ya kukisia. Taja kifungu, nukuu maneno yake, eleza kinaumiza vipi kwa mfano mmoja wa gari moja, kisha andika maneno mnayotaka yawekwe badala yake. Hapo mwisho ndipo watu hushindwa. Wanaandika "tunaomba serikali itusaidie", na karani hajui afanye nini na hilo. Andika: "Tunaomba kifungu hiki kiongezwe maneno yafuatayo." Mtu mvivu akilikuta limeandikwa tayari, atalinakili. Mtu mchapakazi atalirekebisha. Wote wawili wamekufaa.

Kama ni ombi rasmi kwa Bunge la Kitaifa au Seneti, sheria ya 2012 inayosimamia maombi imeweka masharti mepesi kuliko unavyodhani. Linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Linaweza hata kuandikwa kwa mkono, mradi lisiwe na maneno yaliyokatwakatwa. Liwe la heshima, liseme mmeshajaribu ofisi gani na mlijibiwa nini, liseme kama jambo liko mahakamani au la, limalizie kwa ombi lililo wazi, na kila mmoja aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi, au kidole gumba. Kwa hiyo kama mliwahi kuiandikia kaunti barua isijibiwe, nakala yake msiitupe. Ni ushahidi kwamba mlijaribu.

Kuhusu ule mkutano wa soda: uchungu wako ni halali. Lakini nikueleze kilichotokea. Maoni ya mdomo ukumbini hufupishwa na karani mmoja anayeandika mbio, na maneno ya dakika tatu hubaki mstari mmoja, "washiriki walilalamikia ada". Safari nyingine semeni, kisha mkabidhi waraka, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baadaye andikeni kuomba ripoti ya mkutano. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, na ombi hilo pia mnaweza kuliandika kwa Kiswahili. Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya tumbaku, kwamba ushirikishwaji wa umma ni lazima uwe wa kweli, si wa kujionyesha. Ilisema pia kwamba kushirikishwa si lazima maoni yako yakubaliwe. Sehemu zote mbili uzibebe kichwani.

Chama si lazima ili uombe, wala wakili. Mtu mmoja anaweza kuandika ombi. Lakini gereji 15 zikitia sahihi pamoja, zinazotoka Magongo, Changamwe, Mikindani na Kisauni, zinagusa kura za wadi kadhaa, na mwakilishi wadi ni mtu wa hesabu. Anzeni na kikundi, mchague mwenyekiti anayejua kusoma nyaraka kuliko anayejua kupaza sauti, na mkishazoeana nendeni Mamlaka ya Biashara Ndogo, MSEA, mwulizie usajili wa chama cha biashara ndogo. Ninapenda njia hiyo kuliko kujiunga na chama cha wenye matatu, kwa sababu maslahi yao na yenu yanakutana leo na kuachana kesho: mwenye matatu akiambiwa gari lipakwe rangi moja tu, kwake huenda ni nafuu.

La kuandamwa sitakudanganya. Mtu mmoja anayesema peke yake anaweza kusumbuliwa. Ndiyo maana sahihi ziwe nyingi, barua zitoke kwa jina la kikundi, na asiwe mtu yule yule anayezungumza kila mara. Jisafisheni kwanza pia. Leseni iwe hai. Gari mliloligeuza rangi au injini, mwenyewe awe amebadilisha taarifa hizo NTSA, na awe ameijulisha bima yake, maana bima inaweza kukataa kulipa ikikuta gari si lile lililoandikwa. Mkijitokeza mkiwa mmenyooka, anayetaka kuwasumbua atakosa pa kushikia.

Hizi matatu mbili za mteja wako ni jambo la kando na halisubiri ombi lolote. Mwulize kama amepewa karatasi inayotaja kosa, na kama ana tarehe ya mahakama. Kama ipo, au kama nawe umeitwa kuandika maelezo, au gereji imewekewa kufuli, usiongozwe na maandishi yangu. Onana na wakili uso kwa uso wiki hii hii. Msipoweza gharama, Kituo Cha Sheria wana ofisi Mombasa, na ipo huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria. Na huyo wa elfu hamsini akirudi kwa vitisho, EACC, tume ya kupambana na ufisadi, nao wana ofisi hapa mjini. Nenda ukiwa na nambari yake ya simu na ujumbe aliokutumia, usiufute.